Breka ya Nyumbani kwa Zima Kwanza

Ukitaka kuijua nyumba ya fundi umeme, wala usisumbuke kuuliza mtu. Pita mtaani jioni watu wanapowasha taa za nje, halafu tafuta ile isiyowaka. Hapo ndipo anapolala fundi.

Huyu tunayemsema hapa, watu walimwita Zima Kwanza, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahauliwa zamani. Hilo la Zima Kwanza alijitafutia mwenyewe kwa kelele zake. Akiitwa kwa mtu, awe tajiri, awe kapuku, neno lake la kwanza mlangoni halikuwa hodi wala salamu. Lilikuwa, "Zima kwanza!" Mwenye nyumba akisema, "Lakini fundi, ni balbu tu," yeye anabaki kizingitini, mkoba begani, hatii mguu ndani. "Balbu tu ndiyo iliyommaliza mjomba wako. Zima kwanza." Basi watu wanacheka, maana mjomba mwenyewe yuko hai anakunywa chai, lakini swichi kubwa inazimwa.

Alikuwa fundi kwelikweli, tusimnyime haki yake. Miaka thelathini na ushee aliifanya kazi hiyo na hakuwahi kuunguza nyumba ya mtu. Alipima kabla ya kugusa, akagusa kwa mgongo wa mkono, kisha akapima tena. Wenzake walimramba kisogo wakisema anafanya kazi kama anayemwosha mtoto mchanga. Wateja nao, unawajua. Soketi ikianza kunuka kuungua, kwanza wanasogeza kabati kuifunika. Ikizidi, wanamwita mtu wa bei ya kutupa, yule anayetoa fyuzi iliyoungua na kuweka kipande cha waya mahali pake. Mambo yakishaharibika kabisa, ukuta umeshika masizi, ndipo utasikia, "Jamani, mwiteni Zima Kwanza."

Akifika, anaanza kesi. "Nani aliyefanya uchafu huu?"

"Fundi."

"Fundi gani? Mlimwuliza amejifunzia wapi? Mlimwuliza amemfanyia nani kazi, mkaenda kuiona? Binti yenu akichumbiwa mnachunguza ukoo mzima mpaka bibi wa bibi, lakini mtu wa kuingia ndani ya kuta zenu mnamwokota barabarani kama kifungo cha shati!"

Alikuwa anasema kweli. Na alipoondoka, nyumba ilibaki salama. Ukipita mtaa ule nyumba kwa nyumba, kila iliyopitiwa na mkono wake ungeweza kulala humo na watoto wako bila wasiwasi. Isipokuwa moja.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na kibaraza cha nyuma ambacho mkewe alikizungushia mabati akakifanya chumba cha kushonea. Watoto wao wawili walishakua na kwenda kujitegemea. Sebuleni, mahali pa soketi palikuwa na tundu, na ndani yake nyaya tatu zimefungwa tepu nyeusi kila moja kivyake. Chumbani hapakuwa na swichi. Zilining'inia nyaya mbili, na ukitaka taa unazikutanisha. Mkewe alijifunza kuzikutanisha kwa kibanio cha nguo, kile cha mbao, akawa anaingia kulala na kibanio mkononi. Taa ya nje haikuwepo hata kishikio chake.

Usidhani ulikuwa uvivu. Heri ungekuwa uvivu, uvivu una tiba. Huyu bwana alikuwa hawezi kumwachia mteja kazi nusu. Maduka yamefungwa, swichi imevunjika, mteja amesimama gizani na mtoto analia, basi yeye anasema, "Nisubiri kidogo, naenda stoo." Stoo yenyewe ukuta wa sebule yake! Anarudi nyumbani mbio, bisibisi mkononi, anafungua chake, anampelekea mtu. Mteja anamshukuru, anamwita mkombozi. Yeye kitendo hicho alikiita kuazima. "Naazima tu, mama watoto. Kesho narudisha." Na kweli kesho ananunua kingine, lakini kabla hakijafika nyumbani kinakuwa kimeshapata mwenye shida zaidi.

Mkewe alipolalamika, alikuwa na jibu lake. "Si unajua, kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, sawa," mkewe alimwambia siku moja, pini mbili zikiwa mdomoni. "Lakini umewahi kuona kinyozi anamkata mkewe nywele akambandikie mteja?"

Walicheka wote wawili. Walikuwa bado wanacheka wakati huo.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukiazima, nacho ni breka ya usalama. Ndani ya kisanduku cha umeme, juu ya breka ndogo ndogo, palikuwa na ile kubwa yenye kitufe cha kujaribia, ambayo umeme ukivuja hata kidogo ukataka kupitia mwilini mwa mtu, inajikata yenyewe na nyumba nzima inazimika. Aliifunga mwaka walipohamia. Siku ile alimwita mkewe akambonyezea kitufe, ta!, giza. "Umeona? Huyu ndiye mlinzi wako. Nikiwa sipo, yeye yupo." Mke akaamini. Asingeamini vipi, mwenye kusema ni Zima Kwanza.

Mke mwenyewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mkono wake ulisifiwa. Kola za mashati yake zilikaa shingoni bila kukunjamana hata baada ya mwaka wa kufuliwa. Ila miaka yote alishonea mzazi mmoja mmoja, shati hapa, sketi pale. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, shule yenyewe ilimwita. Mwalimu mkuu alimpa sare za madarasa mawili na kumwambia wazi kwamba zikifika kwa wakati na zikiwa safi, kuanzia muhula unaofuata atapewa shule nzima. Alirudi nyumbani siku ile anatembea kama amevaa viatu vipya. Alikata vitambaa mpaka vidole vikavimba.

Ndipo pasi ikaleta kisirani. Kila akiichomeka, ta!, nyumba nzima inazimika, cherehani inasimama katikati ya mshono.

"Baba watoto, njoo uione hii pasi."

Akaja. Akaugeuza waya wake na kuuchunguza. Pale shingoni, unapoingia kwenye pasi, ganda lilikuwa limepasuka na nyaya za ndani zimechubuka. Waya wa ardhini, ule unaoupeleka umeme uliovuja udongoni badala ya kumwendea mtu, ulikuwa umebaki nyuzi mbili tatu.

"Inavuja hii. Ndiyo maana breka inakata, inafanya kazi yake. Usiiguse mpaka niiwekee waya mpya."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho akaitwa kwa mtu. Keshokutwa akaitwa kwa mwingine. Mke akaenda kuazima pasi ya mkaa kwa jirani, majivu yakadondokea mashati meupe, akayafua upya akilia kwa hasira. Hakumwambia mumewe kwamba alilia. Alimwambia tu, "Ile pasi, mume wangu." Naye akajibu, "Nimekusikia."

Jumapili mchana simu ikalia. Alikuwa ni mwenye jengo la ghorofa nne lililokuwa linamaliziwa kule barabarani, mtu mzito, ambaye Zima Kwanza alikuwa akimwona kwenye gari tu.

"Fundi, nimeulizia mji mzima," sauti ikasema, "na kila mtu ananiambia ni wewe tu. Mkaguzi anakuja kesho asubuhi kukagua ghorofa ya chini. Vijana wangu wameniangusha, breka ya usalama hawajaweka. Maduka yamefungwa. Ukinikwamua leo, jengo zima ni lako."

Kilemba cha ukoka hicho, mtoto wa darasa la pili angekijua. Lakini mtu aliyeitwa wa mwisho miaka thelathini, siku akiitwa wa kwanza, masikio yake hayachagui. Zima Kwanza aliweka simu mfukoni akasimama mbele ya kisanduku chake mwenyewe. Mkewe alikuwa ameenda kwa dada yake kuomba msaada wa kutia vifungo. Nyumba ilikuwa kimya. Akazima swichi kubwa, maana hilo hakusahau. Akafungua skrubu nne. Akaitoa ile breka, akaunganisha nyaya moja kwa moja, akakaza vizuri, akafunika. Kazi safi. Kitu alichowatukana wenzake miaka yote kwa kukifanya, yeye alikifanya kwa dakika kumi na mbili.

"Kesho," akasema kwa sauti, peke yake.

Jumatatu asubuhi mkewe alichoka kungoja. Jirani alishaitaka pasi yake ya mkaa. Akasema liwalo na liwe, akaichomeka ya umeme, akafumba macho akingojea ule mlio. Haukuja. Taa zikabaki zinawaka. Pasi ikapata moto taratibu, akaipitisha juu ya kitambaa, ikateleza. Alipiga pasi mashati thelathini siku ile akiimba.

Mume aliporudi jioni, aliyakuta yamepangwa mezani, kola juu, meupe pe. Mkewe alimpokea mkoba, jambo ambalo alikuwa hajalifanya siku nyingi.

"Ahsante, mume wangu," alimwambia. "Mimi nilishakulaumu moyoni, naona heri mke wa jirani anatengenezewa kuliko mimi. Kumbe umeitengeneza kimyakimya wala hunitangazii. Nisamehe."

Sasa hapo. Hapo ndipo penyewe. Alikuwa na mdomo, alikuwa na ulimi, na mke alikuwa amesimama mbele yake na uso wenye furaha. Maneno yalikuwa machache tu: sikuitengeneza, nimetoa breka, zima. Aliyafungulia mdomo. Lakini ile shukrani ilikuwa tamu, na ilikuwa na miaka haijamfikia ndani ya nyumba ile.

"Hm," akasema. Kisha akaongeza, "Itumie polepole."

Polepole! Umeme una polepole? Ng'ombe ndiye mwenye polepole. Mwanafunzi wa mwezi mmoja wa ufundi angemcheka. Lakini mke aliitikia, "Haya, mume wangu," na akamwekea chakula.

Baada ya hapo uongo ukaanza kujilinda wenyewe. Siku ya tatu alinunua waya mpya wa pasi akauficha mkobani. Alipoishika pasi aifungue, mkewe akageuka kwenye cherehani.

"Unaifanya nini tena? Si nzima?"

Ili ajibu, ilibidi aseme yote. Akairudisha mezani. "Nilikuwa naitazama tu."

"Iache bwana, usije ukaiharibu, nina kazi," mke akasema, akacheka.

Kwenye jengo mkaguzi alipita, akapitisha. Ghorofa tatu za juu wakapewa watu wengine, jamaa wa mkewe yule bwana mkubwa. Simu ya Zima Kwanza haikupokelewa tena. Alikwenda akitaka walau breka yake, mlinzi akamzuia getini. "Breka gani, mzee? Hapa kila kitu ni cha bosi." Alirudi akijiita mjinga njia nzima. Siku mbili baadaye akanunua breka nyingine, mpya, ndani ya boksi lake. Njiani akaitwa kwenye nyumba yenye watoto watatu wadogo, na kisanduku chao hakikuwa na breka ya usalama. Mkono wake ukaingia mkobani wenyewe. "Pale kuna watoto," alijiambia akienda nyumbani. Utadhani kwake anakaa jiwe.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kila asubuhi aliondoka akiiacha pasi mezani, na kila jioni alimkuta mkewe mzima, na kila alipomkuta mzima alijiambia kwamba bado ana siku moja. Hakuwa analala vizuri. Alikuwa anakula vibaya, anafoka hovyo kwa wateja. Anajua! Ndiyo inayouma. Alijua kila siku.

Ilitokea Alhamisi, saa sita mchana. Sare za darasa moja zilishapokelewa na kusifiwa, za lile jingine zilitakiwa Jumatatu. Dada mtu alikuwa ameketi pembeni akitia vifungo. Kibaraza kilikuwa kimepigwa deki, saruji bado imelowa, na mke alikuwa peku kwa sababu ya joto. Alinyunyizia shati maji akashika pasi, akauvuta waya uliokuwa umejizungusha mguu wa meza. Zile nyuzi mbili tatu zikakatika.

Dada mtu alisema baadaye kwamba hakusikia kelele. Alisikia kimya. Aliinua macho akamwona mdogo wake amesimama wima, meno yamekazana, mkono wa kuume umegandamana na pasi na pasi inatetemeka. Hakumshika, na hilo ndilo lililowaokoa wote wawili. Alichukua rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa akapiga plagi mpaka ikang'oka ukutani. Mdogo wake akaanguka pale pale kama mzigo.

Mwenye nyumba alikuwa wapi? Alikuwa sebuleni kwa bwana na bibi waliofunga ndoa juzi, anawafundisha. Alikuwa anawaeleza kwamba swichi ikiwa ya moto ukiigusa, hiyo si ya kungoja. Na kwamba fundi akikwambia "hakuna shida" kabla hajafungua kisanduku, mfungulie mlango aende zake. Bibi harusi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Simu ikalia.

"Shemeji," sauti ya dada mtu ikasema, "mkeo umeme umemnasa. Tuko njiani hospitali."

Alipofika alikuwa amepoteza kiatu kimoja na hakuwa amejua. Mke alikuwa hai. Kiganja kilikuwa kimeungua mpaka ndani, kimefungwa bandeji nene. Daktari alisema moyo uko sawa, wamshukuru Mungu, ila mishipa inayokunja na kukunjua vidole imeungua. Kidole gumba na cha shahada, alisema, huenda visirudi kama zamani. Akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Dada mtu akamwambia. Daktari akatazama chini, akaandika kitu.

Siku ya pili mke aliweza kuzungumza. Dada yake alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, mume upande wa pili, na dada mtu hakuwa mtu wa kuficha.

"Mimi sielewi," alisema. "Nyumba ya fundi! Mtaa mzima anautengenezea huyu, mkewe ndiye wa kunaswa? Shemeji, hebu nieleze."

"Dada, mwache," mke akasema, sauti nyembamba. "Usimlaumu mwenzako. Pasi ilikuwa mbovu kweli, naye akaitengeneza, wala hakunisumbua. Ajali haina kinga. Yeye ndiye kwanza anaumia kuliko sisi."

Na kwa mkono wake mzima akaupapasa mkono wa mumewe juu ya shuka.

Heri angempiga. Zima Kwanza alijikaza, akatazama dirisha, akatazama chupa ya maji, akashindwa. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Sikuitengeneza," akasema.

"Nini?"

"Pasi. Sikuigusa. Nilitoa breka nikampelekea yule wa ghorofa. Ndiyo maana ikawa haikati. Ulipokuja kunishukuru, nikanyamaza."

Dada mtu akasimama. Mke akamgeukia mumewe. Alikuwa anamtazama kama anayehesabu siku nyuma, na kwa hakika ndicho alichokuwa anafanya, kwa sababu baada ya muda aliuliza, "Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Kila asubuhi ulikuwa unaniaga, unaondoka."

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nasema kesho."

Akauondoa mkono wake juu ya ule wa mumewe. Hakuuvuta kwa hasira, aliuondoa tu, akauweka kifuani pake.

"Ningeita mtu yeyote wa barabarani," alisema, "akaja akakosea, ningesema masikini hakujua. Wewe ulijua."

Akageukia ukutani. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wa kwake alikuja na kukaa kabisa.

Mashati yaliyobaki dada mtu aliyapeleka kwa mshonaji mwingine akayamalizia, na mshonaji huyo ndiye aliyepewa shule nzima muhula uliofuata. Mwalimu mkuu alituma salamu za pole. Mke alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, kidole gumba na cha shahada vimejikunja kwa ndani na havinyooki. Alijaribu mkasi mara moja tu. Ukadondoka, naye akauacha sakafuni.

Siku hiyohiyo aliyorudi, mume alikuwa amejiandaa. Alikuwa amenunua kila kitu: breka, soketi, swichi ya chumbani, kishikio cha taa ya nje, waya mpya mzigo mzima. Alivipanga mezani kama mtu anayeleta mahari, bisibisi mkononi.

"Leo hatoki mtu hapa," alisema. "Leo namaliza nyumba nzima. Nilikuwa nangoja urudi tu."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti na bandeji yake.

"Weka chini hiyo bisibisi," alisema.

"Mke wangu, hii ni kazi ya siku mbili, nakuapia—"

"Weka chini. Usiguse kitu humu ndani."

Alimwomba. Alipiga magoti, mwanamume wa miaka hamsini na sita, na alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema tangu amchumbie. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ainuke, magoti yatamwuma. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kisanduku akabana swichi kubwa kwa kiwiko, akaizima. Siku sita walikaa bila umeme. Mume akienda kazini anawasha taa za watu, akirudi anakuta mshumaa. Vile vifaa vipya vilibaki mezani ndani ya maboksi yake, na safari hii hakuna mteja aliyevipata.

Katika siku hizo sita mke alikuwa anatembea. Alitembelea nyumba za mbali kidogo, mtaa wa tatu, mtaa wa nne, ambako Zima Kwanza hakuwa na wateja wengi. Alibisha hodi kwa wanawake wenzake, akauliza nani aliwafanyia kazi ya umeme, akaomba kuonyeshwa kisanduku, akauliza kama kuna kilichowahi kuungua. Alikuwa na mkono mmoja mzima, na muda alikuwa nao tele.

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, hodi ikapigwa. Mume ndiye aliyefungua. Alikuta mtu wa makamo, mnyamavu, na mkoba safi. Yule mtu alipomwona akashtuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nadhani nimepotea nyumba. Naulizia mama mmoja mwenye shida ya umeme."

"Hujapotea," mke akasema kutoka ndani. "Karibu."

Akaja mlangoni. Hapohapo, mume akiwa katikati, akaanza kumwuliza: amejifunzia wapi, cheti kiko wapi, akiahidi siku anakuja siku hiyo au nyingine, na akikuta kitu cha hatari atamwambia mwenye nyumba au atanyamaza. Mgeni alijibu moja moja, na kila alipojibu macho yalikuwa yanamkimbilia Zima Kwanza, kwa aibu, kama mwanafunzi anayefanyishwa mtihani mbele ya mwalimu mwingine.

Mwishowe akashindwa kuvumilia. "Lakini mama," akasema polepole, "huyu si ndiye Zima Kwanza? Mimi nikikwama kazini huwa naambiwa nimtafute huyu. Mimi nitamfanyia nini?"

"Huyu ni mume wangu," mke akamjibu. "Fundi ni wewe."

Zima Kwanza alikuwa bado ameshika kitasa, na mwili wake ulikuwa umeziba mlango wote. Mkewe alimgusa bega kwa ule mkono wenye vidole vilivyokunjika. Hakumgusa kwa ukali. Alimgusa kama unavyomgusa mtu usiyemjua vizuri, kwenye foleni.

"Sogea kidogo, baba watoto," alisema. "Fundi apite."

Akasogea.